Kilo Tisa Zangu na Timu Iliyonyamaza

Umeshawahi kuona wanawake wanane wazima wamepanda kwa pamoja juu ya mizani ya kupimia mpunga?

Sisi tulipanda. Ilikuwa Januari, ghala la ushirika wa wakulima, baridi inakata masikio, na wote tumevua makoti ili tusijiongezee.

Mizani ikasoma kilo mia tano ishirini na tisa.



Sisi ni timu ya kuvuta kamba. Kwenye mashindano yetu ya mkoa hawaangalii uzito wa mmoja mmoja, wanajumlisha: watu wanane, kilo mia tano ishirini, basi. Mkizidi mnarudi nyumbani hata kamba hamjaigusa. Mwaka uliotangulia tulirudishwa kwa gramu mia nne.

Gramu mia nne, jamani. Pakiti moja ya tofu, yale maziwa ya soya yaliyogandishwa.

Sasa tulikuwa tumezidi kilo tisa, na kila mtu alijua ni za nani.

Zangu. Chizuru, miaka arobaini na moja, mkaangaji wa korokke kwenye bucha la karibu na stesheni. Viazi vya kuponda na nyama, unavigaragaza kwenye chenga za mkate, unatumbukiza kwenye mafuta. Zinazopasuka haziuzwi, na mimi siwezi kuona chakula kinatupwa. Nakiri, mwaka ule zilipasuka nyingi kuliko kawaida.

Hakuna aliyenisema. Bora wangenisema.

Kocha wetu, Mwalimu Mutsuko, mstaafu aliyefundisha michezo sekondari, akaniita pembeni. Nikajua ndiyo natolewa.

"Utapungua," akaniambia. "Lakini ukinijia mazoezini na njaa, nakurudisha kwako. Mtu mwenye njaa anavuta nini?"

Akanipa kikomo cha kalori elfu moja na mia sita kwa siku, na wiki tisa. Halafu akatangaza kwamba hatupimi tena pamoja. Kila mtu na mizani yake nyumbani, maana ile ya mpunga imemharibia siku.

Milo haikunisumbua. Kilichonitesa ni saa kumi jioni, pale bucha linaponukia korokke na chakula cha usiku bado kiko mbali.

Nikanunua biskuti za mchele, pakiti ndogo ya kalori themanini. Nikafungua, nikala, nikatazama pakiti. Tupu. Tumbo langu lilikuwa bado linasubiri nifungue.

Nikasikia lozi ni afya. Kweli ni afya. Ila nilikaa na mfuko mbele ya televisheni, kipindi kilipoisha nikapiga hesabu: kalori mia saba. Afya ya wiki nzima niliimaliza kwa kikao kimoja.

Ndipo akili ikanijia. Swali si kitu kina kalori ngapi tu. Swali ni kitakaa na mimi mpaka saa ngapi.

Yai la kuchemsha, kalori themanini kama zile biskuti, lilinifikisha saa kumi na mbili bila kelele. Kiazi kitamu kidogo cha kuchoma, kimepoa, na ganda lake, kilinifanya nitafune mpaka taya zichoke. Mchuzi mwepesi wenye figili na konyaku, ile jeli ngumu ya kijivu, unajaza tumbo na kalori hazifiki hata sitini.

Lakini mpenzi wangu hasa alikuwa soya changa za kuchemsha, bado kwenye maganda. Unamenya moja, unakula moja. Mdomo una haraka, vidole havina.

Mume wangu Tetsuo alinikuta mezani nahesabu. Akauliza, "Mama, unahesabu maharage au maganda?"

Nikamwambia anyamaze, ameshanipoteza hesabu. Akavuta kiti, tukaanza upya wote wawili. Tulicheka mpaka soya zikapoa.

Kilo ya kwanza ikaondoka. Ya tatu. Ya tano. Kifungo cha suruali kikafunga bila mimi kulala kitandani. Nilikuwa natembea bucha zima kama bibi harusi.

Halafu mizani ikagoma. Tano na nusu, wiki mbili, haisogei.

Wenzangu wakiuliza kwenye kundi la simu, najibu kwa kikaragosi cha mkono wenye misuli.

Siku ya mashindano ikafika. Kwenye chumba cha kubadilishia nguo nikashindwa kuvumilia, nikamvuta Wakana, yule anayejifunga mwisho wa kamba.

"Wakana, nimepungua tano na nusu tu. Tunarudishwa tena, na ni kwa sababu yangu."

Akawa mwekundu. "Twende tu, dada," akasema.

Tukapanda mmoja mmoja. Mimi wa mwisho, macho nimefumba.

Afisa akajumlisha. Akarudia kujumlisha. Akavua miwani.

"Mia tano na tisa na nusu."

Mwalimu akatutazama. Akauliza kwa upole nani mwingine alikuwa anapungua.

Wakana akanyoosha mkono. Yeye mbili. Wa pili yake naye mkono juu, mbili. Wa tatu. Mikono saba juu, kilo kumi na nne, kila mmoja kimyakimya nyumbani kwake, akidhani ni yeye peke yake anayenifidia, na hataki nijue nisije nikaona aibu.

Mmoja akafungua begi lake: mayai ya kuchemsha na soya. Wa pili vivyo hivyo. Tulikaa sakafuni tukacheka mpaka afisa akauliza kama kuna mgonjwa.

Kwenye kamba uzito ndiyo nguvu, na sisi tulikuwa tumeacha kilo kumi na nusu nje ya uwanja kwa adabu tu.

Tulishinda mechi mbili. Ya tatu tukakutana na timu ya manesi, kilo mia tano kumi na tisa kamili. Walituburuta taratibu, dakika mbili nzima, na sisi tunacheka kamba mkononi. Tukawa wa nne.

Jioni mgahawani Mwalimu akasimama kutupongeza. Suruali ikamteremka mpaka magotini.

Akaipandisha bila haraka. Tukamkumbusha kwamba yeye hapimwi, wala havuti kamba.

"Najua," akasema. "Mimi nimepungua nne. Ningekula keki peke yangu vipi, na mwenzenu anajinyima?"

Kwa hiyo ndugu zangu, saa kumi jioni chagueni kinachokaa tumboni, msidanganywe na namba ya kwenye pakiti. Na ukielemewa, sema mapema. Mimi ningefungua mdomo wiki mbili kabla, leo tungekuwa na kombe, na Mwalimu angekuwa na suruali.