Yadi Kumi za Bafta

Nianze na hasara, maana wenzangu wa bwenini wanaisimulia habari hii kwa kuitia chumvi na mimi napenda hesabu iliyonyooka. Mkasa huu ulinigharimu yadi kumi za bafta nyeupe, nauli za watu watatu kwenda na kurudi, vocha moja ambayo haikuzungumza na mtu, na heshima niliyokuwa nayo chuo kizima. Nimehesabu mara mbili. Vyote hivyo vina duka lake, isipokuwa heshima.

Tulikuwa ndiyo tumeanza mwaka wa pili chuo cha ualimu, Lindi, na simu za mkononi ndiyo kwanza zimeanza kutufikia, mwenye nayo anatembea ameinamisha shingo upande mmoja hata asipopigiwa. Chumbani kwetu tulikuwa wanane na simu ilikuwa moja, yangu, mtumba wa mitumba, imefungwa mpira wa manati ili betri isidondoke. Mtandao ulishika sehemu moja tu, dirishani juu ya kitanda changu, kwa hiyo simu niliitia ndani ya soksi nikaitundika kwenye msumari, na hapo ndipo ilipoishi (soksi ilikuwa safi, msinianze).

Sasa, kuwa na simu ni jambo moja na kuilisha vocha ni jambo lingine. Mimi nikaona nisiwe mjinga. Nikapatana na mjomba wangu Saidi, mwenye duka Kilwa Kivinje, ambaye naye alikuwa na simu: tusipigiane, tubipiane. Bip moja, wote wazima. Bip mbili, kuna shida ndogo, tafuta vocha upige. Bip tatu, njoo, kumetokea jambo. Na sharti kuu: bip haipokelewi, kwa sababu ukipokea umekula hela ya mwenzako. Kila Ijumaa baada ya sala mjomba alinibip mara moja, nami roho ikatulia, nikajua Bibi Somoe ni mzima. Huyo ndiye bibi yangu, mama yake mama, aliyenilea tangu sijaota meno. Nilikuwa sijamwona tangu nianze chuo. Nauli, jamani. Mtu ukiwa na bip ya uhakika kila wiki, nauli ya nini?

Ijumaa yenyewe nilikuwa nimelala kitandani, simu ikalia. Nikatabasamu. Ikalia, ikalia, mpaka ikachoka yenyewe. Nikajisemea mjomba leo kasahau kukata. Ikalia tena. Hapo nikakaa.

"Pokea basi!" akasema Fransisi, jirani yangu wa kitanda cha chini, Mmakonde wa Newala, mtu wa kanisa na wa huruma kupita kiasi.

"Bip haipokelewi."

"Bip gani inalia kama king'ora?"

"Nikipokea nakula hela ya mzee."

Ikalia mara ya tatu. Nikaitoa kwenye soksi nikawa naitazama tu inavyolia, halafu ikanyamaza. Tatu. Nikahesabu upya kwa vidole na vidole vikaleta jibu lile lile.

Nikasema, "Bibi."

Sikuwa na salio hata la kubip. Wenzangu wakachangishana wakanunua vocha, nikapiga, yule dada wa kwenye simu akaniambia ninayempigia hapatikani. Nikapiga tena, hapatikani. Basi! Kwenye msiba nani ana nafasi ya kuchaji simu? Nikakaa sakafuni nikalia mbele ya wanaume saba. Kufika magharibi habari zilishaingia bwalo la chakula, kiranja akasimama juu ya benchi akatangaza, uji ukaachwa upoe, kofia ikazungushwa, na mlezi wetu wa wanafunzi akanipa ruhusa pamoja na wawakilishi wawili, Fransisi na kiranja mwenyewe.

Hapo ndipo akili yangu ya sokoni ilipoamka, na laiti ingebaki imelala. Nikawaambia mjukuu wa kiume ni mimi peke yangu, sanda ni juu yangu, na bafta ya Lindi ni rahisi kuliko ya Kivinje, tununue hapa hapa. Tukamkuta mwenye duka anafunga.

"Pole sana, kijana. Mwanamke? Basi sanda ya nguo tano, chukua yadi kumi na mbili."

"Kumi zinatosha."

"Marehemu mfupi?"

"Mfupi," nikasema. (Bibi yangu akisimama mlangoni lazima ainamishe kichwa.) "Tena amekonda."

Fransisi akanifinya. Nikautoa mkono wake. Machozi yananitoka kwelikweli, sikuigiza, na huku namwambia mwenye duka kwamba mfiwa hatozwi bei ya bwana harusi. Akapunguza. Nikatoka na yadi kumi, ninalia na nimefaidi.

Alfajiri tukapanda basi. Njia nzima nilikuwa na hofu moja tu: wameshazika. Kila tuliposimama kupakia mkaa nilimwona bibi anaingizwa ardhini bila mimi, tena kwa sanda ya kuazima. Tukashuka Nangurukuru, tukapata gari la Kivinje, tukaingia mtaani kwetu jua limeshapanda, na nilipokata kona nikaona kile nilichokuwa naomba nisikione. Mikeka imetandikwa uwanjani, wanawake wamejaa, wamejitanda kanga, vichwa chini.

Nikaangua kilio. Sijui sauti ile ilitoka wapi. "Bibi yangu! Umeniacha na nani, bibi yangu!" Kiranja akanishika bega, Fransisi akavua kofia, akakunjua hotuba yake ya rambirambi kwa niaba ya chuo.

Wanawake wakainua vichwa. Mbele yao kulikuwa na nyungo. Walikuwa wanachambua mchele wa harusi ya jirani.

Na katikati ya nyungo, miguu ameinyoosha, ungo mapajani, alikaa Bibi Somoe.

"Nani huyo anayelia?" akauliza. "Mume wangu, ni wewe? Nani kafa?"

Fransisi, Mungu ambariki, alikuwa hajawahi kumwona. "Shikamoo bibi," akasema kwa sauti ya kanisani. "Poleni sana kwa msiba mzito wa kuondokewa na Bibi Somoe."

"Marahaba, mwanangu. Anazikwa saa ngapi? Nami nikajitayarishe."

Kicheko kilichotoka kwenye mikeka ile nadhani walikisikia mpaka Kilwa Masoko. Mjomba Saidi akaja mbio kutoka dukani, simu mkononi, anaapa kwamba hakumbip mtu yeyote, jana alipotoka msikitini mama yake alimwambia nipe hicho kidude nimsalimie mume wangu mwenyewe, akampa, betri ikaisha.

"Nimekupigia mara tatu," bibi akasema. Alikuwa hacheki tena. "Nimeshika kile kitu sikioni mpaka sikio likaniuma. Kinalia tu kwako huko. Nikasema labda yuko darasani. Kumbe ulikuwepo?"

Nikainua mkono kujifuta uso.

"Na hicho kwapani?"

Nilikuwa nimekisahau kile kifurushi cha bafta. Nikajaribu kukificha mgongoni, na yeye akanyoosha mkono tu, kama zamani nilipoficha embe la watu. Akafungua karatasi. Akaishika bafta, akaanza kuipima kwa mkono wake, kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole, mikono miwili kwa yadi, midomo inahesabu. Akapima mara ya pili (sasa mnajua nimerithi kwa nani).

"Kumi," akasema. "Mwanamke mrefu kama mimi, kumi? Mume wangu, miguu ungeiweka wapi?"

Akaingia ndani akarudi na sanda yake mwenyewe, aliyoinunua zamani akaiweka sandukuni, ina harufu ya kafuri, yadi kumi na mbili kamili. Akazitandika zote mbili mkekani, yake na yangu, ubavu kwa ubavu, mbele ya mashoga zake na wawakilishi wa chuo. Wanawake hawakucheka. Afadhali wangecheka.

"Chukua yako," akaniambia taratibu, anaikunja. "Mimi sidai kitambaa. Lakini nauli ya kuja kunizika umeipata kwa usiku mmoja."

Kisha akatuamuru tunawe, tukala wali kwa samaki, na Fransisi akaongezewa mara mbili kwa sababu ya hotuba.

Siku hizi Ijumaa simu ikilia nafika dirishani kabla haijamaliza mlio wa kwanza, hata kwa kumkanyaga Fransisi kichwani. Napokea. Bibi anasema, "Haya, nimekusikia," anakata. Kila likizo naenda. Safari ya mwisho aliinama mlangoni bila haja, mgongo umeshapinda, nikajikuta nampima kwa macho, nikageuka kando.

Bafta ninayo bado, chini ya godoro. Mwenye duka amekataa kuirudisha, wenzangu hawataki hata niitaje taa zikizimwa, na bibi haitaki. Ila safari hiyo ya mwisho nilipokuwa naaga aliniuliza, kwa utani au si kwa utani sijui, "Zile yadi mbili zangu umeshanunua?" Nikizinunua, nitakuwa kama mtu anayesubiri. Nisiponunua, siku ikifika nitakuwa nimempunja tena. Kwenye duka lolote najua la kusema, hapa sijui. Enyi wenye bibi, niongeze zile mbili, au niache?