Magunia Niliyoyapima Yamenipatia Usaili, Mjomba Anataka Niyafute

Admin, jina langu lifiche, ila maneno yangu usiyapunguze makali.

Mimi ni binti wa miaka ishirini na saba, naishi na mama yangu huku Kwedizinga, Handeni. Nina shahada ya takwimu. Tangu nimalize chuo nimeomba kazi za data mpaka vijana wa steshenari pale Mkata wakiniona nashuka kwenye basi wanawasha mashine kabla sijasalimia. Usaili sikuitwa hata mmoja. Kijijini wakanipa jina, Msomi wa Jembe. Wacheke tu, jembe hilo ndilo limenilisha.

Tatizo lilikuwa CV. Pale steshenari ipo moja, kila anayekuja wanambadilishia jina na namba ya simu, wanaprinti. Na mimi na shahada yangu nikaichukua hiyohiyo. Siku moja nikamtumia dada mmoja anayefanya kazi za data, tulikutana kwenye kundi la mtandaoni, nikamwomba aiangalie. Akanijibu, "Mdogo wangu, humu umeandika unaongea Kifaransa. Unaongea kweli?" Jamani, mimi naongea Kiswahili, Kizigua na Kiingereza cha darasani. Kile Kifaransa kilikuwa cha mtu aliyenitangulia, na nilikuwa nimekisambaza ofisi zote hizo. Nilicheka, halafu nikalia.

Yule dada hakunibembeleza. Aliniambia, "Wote mnaandika mnajua kuchambua data. Nionyeshe uliyoichambua. Chukua swali la huko kwenu, lijibu kwa data, weka mtandaoni, na linki yake ikae juu kabisa ya CV. Halafu kila tangazo la kazi lisome vizuri, uandike upya kulijibu hilo."

Swali la kwetu halikuhitaji kutafutwa. Ni lumbesa. Mnunuzi wa mahindi anakuja na gunia, linajazwa mpaka mdomoni, halafu linaongezewa kichwa na kushonwa kwa kamba mpaka linatuna kama mjamzito, na bado linahesabiwa gunia moja. Kila mtu analalamika, kila mtu anauza hivyohivyo. Nikaazima mizani ya kuning'iniza ya kikundi cha akina mama, msimu wote wa mavuno nikawa napita nyumba kwa nyumba napima magunia kabla hayajapakiwa. Sikuandika jina la muuzaji wala la mnunuzi. Niliandika kijiji, mwezi na uzito, basi. Nikachora grafu, mstari mmoja pale uzito wa gunia unapotakiwa kuishia, na kila gunia nukta yake. Karibu nukta zote zilikaa juu ya mstari. Chini nikaeleza nilivyopima na pale ninapoweza kuwa nimekosea. Kifaransa nikakifuta.

Nikaomba tena. Safari hii simu ikaita nikiwa shambani. Shirika moja la kilimo, wana ofisi Korogwe mjini. "Uje na ile kazi yako ya magunia, utatueleza ulivyoifanya." Nilipiga kelele mpaka jirani akadhani nimeona nyoka.

Ila ile grafu ilikuwa imeshazunguka kwenye simu za watu. Jumapili mjomba wangu, kaka wa mama, akaja na pikipiki yake. Yeye ndiye mnunuzi mkubwa wa mahindi huku.

"Shikamoo mjomba."

Hakuitikia. "Mpwa wangu, umenivua nguo mbele ya watu."

"Jina lako halimo, mjomba."

"Huku nani mwingine ananunua mahindi?"

"Basi umejitaja mwenyewe."

Mama alinifinya. Najua nilivuka mpaka, na sijutii. Kwetu Wazigua neno la mjomba ni zito kuliko hata la baba, na baba yangu alishatuacha zamani. Nyumba tunayolala na shamba tunalolima ni vya mjomba, alimpa mama aliporudi kwao. Akaniambia, "Kifute hicho kitu kabla hujaenda Korogwe. Usipokifuta, mama yako atafute pa kulima." Akawasha pikipiki, akaondoka.

Mama akaanza kunisihi. "Mwanangu, futa. Kazi zitakuja nyingine, kaka ninaye mmoja."

Nikamwambia, "Nikifuta, mama, naenda na nini? Na Kifaransa?"

Hakucheka. Juzi tumekaa tunapukuchua mahindi, akaniuliza, "Hizo nukta zako, gunia langu na mimi limo?" Nikamwambia limo, nililipima hapahapa nyumbani na uzito wake naukumbuka. Akataka kuliona. Nikamwonyesha nukta ya juu kabisa, ile iliyokaa peke yake, gunia zito kuliko yote niliyopima. Ndilo gunia alilomuuzia kaka yake, wa tumbo moja. Aliitazama sana, akanirudishia simu, akaendelea kupukuchua. Tangu hapo hajasema tena nifute. Hajasema nisifute pia.

Usaili ni Alhamisi. Anayetaka kuniambia nifute apite kimya, sifuti. Nimechoka kujificha kwenye CV za watu, sasa hivi ndiyo kwanza nimeonekana. Kinachonikata maini ni mama, maana ujeuri ni wangu lakini shamba litakaloondoka ni lake. Nimfuate mjomba nimweleze mbele ya wazee ile nukta ya juu ni ya nani, apate aibu inayomstahili? Au ninyamaze niende zangu, niombe Mungu kazi iwahi kabla mvua hazijaanza?

Nishaurini ndugu zangu, kwa mama huyu nifanye nini? Leo asubuhi nimekuta gauni langu la usaili limeanikwa kwenye kamba, limefuliwa likatakata, na sikulifua mimi.