Otmari, mtani aliyelala mbele ya gari la msiba wa mama

Akili yangu inakataa, jamani. Nimeshika simu tangu asubuhi, naandika nafuta. Otmari hayupo tena.

Kiharusi kilimchukua mkono wa kulia mwaka jana, ule wa spana. Juzi kikarudi kuchukua kilichobaki.

Kwa msiomjua, huyu ni Fundi Otmari, Mngoni wa Maposeni, fundi wa stelingi za magari hapa Songea tangu tukiwa vijana. Mimi Myao wa Tunduru. Kwa hiyo ni watani, na mnajua mtani ana haki zake msibani. Analala njiani, anazuia jeneza, anatukana wafiwa, mpaka apewe chochote, jogoo au vijisenti, ndipo apishe. Hakuna wa kumkasirikia.

Nawasimulia siku moja tu. Nyingine sina nguvu nazo.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Wafanyabiashara binafsi tumeanza kununua korosho, na mimi nimejipatia pikapu kuukuu, najiona tajiri. Mama akafia kwangu Msamala, hapa hapa Songea, alfajiri. Wosia wake ulikuwa mmoja, alazwe Namasakata, kwetu Tunduru, kando ya baba.

Sisi Waislamu maiti hatuiweki. Ilipofika saa mbili asubuhi jeneza lilikuwa juu ya pikapu, ndugu wamepanda, mjomba kakaa mbele. Njia ya Tunduru ya wakati ule wenye umri wetu mnaijua. Ukitoka asubuhi, kufika ni majaliwa.

Nawasha gari, nalipinda kutoka uani. Otmari alikuwa amesimama na waombolezaji. Akaangalia matairi ya mbele, akaniangalia mimi. Kisha akaja akalala chali mbele ya bampa, na shati lake la kanisani.

Watu wakacheka. Hata dada zangu waliokuwa wakilia wakacheka. "Mngoni kaanza! Mpeni haki yake!" Sarafu zikarushwa. Mtu akaleta jogoo.

Hakuokota hata senti. Jogoo akamwacha aende zake.

Mjomba akashuka, uso umebadilika. "Kijana, utani una mwisho. Maiti haisubiri."

Otmari akainuka nusu, vumbi mgongoni. "Shikamoo mzee. Leo sitanii. Huyu mtani wangu anazungusha usukani na matairi yametulia, hayana habari naye."

Nikapandwa na hasira. Nilikuwa najua usukani unacheza, ndiyo, lakini wiki ile ile fundi mwingine alikuwa amekaza boksi ya stelingi na ukawa mgumu. Nikamwambia limeshatengenezwa, ondoka njiani, unanichelewesha kumzika mama yangu.

"Alikaza boksi ili usisikie ugonjwa," akasema. "Ugonjwa uko chini. Na mama hana haraka, mtani. Wenye haraka ni nyinyi. Mnakwenda kuzika mmoja au mnakwenda kuzikwa wote?"



Akaniambia nikae kwenye usukani, nipeleke kushoto kidogo, kulia kidogo, polepole. Yeye akaingia uvunguni, akawa anashika viungo vya stelingi kimoja kimoja kwa kiganja. "Tena. Tena. Hapo hapo." Mpaka mimi niliyekaa juu nikasikia, ko, ko, ko.

Alipotoka alikuwa ameshika kichwa cha tairodi, kile kiungo kinachoshika tairi lifuate usukani. Kilikuwa kimelika mpaka gololi yake ilitoka kwenye kikombe chake kwa vidole tu. Akamwekea mjomba kiganjani. Mjomba akakitazama, halafu akaketi chini.

Spea haikuwepo. Akaenda nyumbani akafungua ya pikapu yake mwenyewe, akaja akaifunga, akapiga pini, akavuta kamba ya katani toka tairi la nyuma hadi la mbele kupima kama yamekaa sawa. Jua likawa la utosi. Mama juu ya gari, ndani ya sanda. Nililia kwa uchungu na kwa hasira, sijui kipi kilizidi.

Akanyoosha mkono nimpe ufunguo. "Test drive ni mpaka makaburini," akasema, akatuendesha mwenyewe mpaka Namasakata.

Tulimzika mama kesho yake asubuhi, kando ya baba, na sote tuliopanda gari lile tulikuwepo kaburini. Otmari, mtu wa rozari, alisimama nyuma wakati wa swala, kisha akashika koleo.

Sasa nawaambia ninachofanya muda huu.

Niko Msamala, nje kwa Otmari. Tunampeleka kwao Maposeni, na padri anasubiri. Gari lililoletwa ni kuukuu, la shemeji yake. Nililiona linavyoingia, usukani unazungushwa na matairi yametulia.

Nikalala mbele yake. Mzee mzima na kanzu yangu.

Watu wakacheka. Mjane wake naye akatabasamu, kwa mara ya kwanza tangu juzi. Sarafu zikaniangukia tumboni. Nikawaambia, "Leo sitanii." Wakacheka zaidi.

Basi nikaingia uvunguni. Shemeji akapeleka kushoto kidogo, kulia kidogo, nami nimeweka kiganja kwenye kiungo kama nilivyomwona akifanya. Ko, ko, ko. Otmari, nililia hukohuko chini, na hakuna aliyeniona.

Fundi tuliyemwita anafunga spea. Nimekaa kwenye jiwe, ufunguo uko mfukoni mwangu. Wananung'unika kuwa namchelewesha marehemu. Nimewajibu kwa maneno yako.

Haya mtani, wewe lala. Huna haraka. Tutakufikisha Maposeni, na wote tutarudi.