Kasoki, Mwenye Kuonja Maji Kwanza

Hapana. Kichwa yangu inakataa. Leo asubui nilikamata simu nimupigie Kasoki, ndipo nikakumbuka tumemuzika juzi.

Kwa wale habakumujua: Kasoki alikuwa anatumika na mimi ku source moja, chemchemi ya maji, hapa Vulamba, Butembo. Yeye njo alikuwa anatia dawa ya klore ndani ya bidon, madumu ya maji ya bamama, na seringue, bomba ya sindano, bidon moja moja. Mimi nilikuwa wa kupima ile maji na kuandika rapport. Kolera ndiyo imemubeba. Siku mbili tu.

Na wewe, chef wetu, umeweka picha yake ku WhatsApp na bougie, mushumaa, eti "collègue exemplaire", mutumishi wa mufano. Toa hiyo bougie. Itoe wewe mwenyewe, kabla nikuitolee mimi.

Mwanzo batu balikataa dawa yetu kabisa. Balisema tunabatilia sumu. Mama moja alimumwangia Kasoki kikombe muzima ku uso! Kasoki akapanguza, akacheka: "Aksanti ya kuniogesha, mama, lakini bidon yako ingali hapa."

Kisha akapata akili. Kwetu, mwenye kukupa kasiksi, ile pombe ya ndizi, anaonja kwanza yeye, uone hakuna kitu mubaya ndani. Kasoki akasema atafanya vile na maji. Kila asubui anatia dawa ndani ya bidon ya kwanza, anangoja nusu saa, anajaza kikombe, anakunywa yote mbele ya bote. "Aya, mubebe!"

Bamama bakacheka, bakabeba. Hakuna affiche, bango ya ku ukuta, iliweza kufanya vile.

Alikuwa na kelele, jamani. Hadji moja mwenye camion, lori kubwa, alituma chauffeur wake apite mbele ya mulongo. Kasoki akamwambia: "Rudi nyuma, baba. Hata camion yenu inapanga mulongo ku barrière, pale ku kizuizi ya barabara." Hadji mwenyewe, aliposikia, alicheka mpaka akakohoa.

Sasa musikilize vizuri.

Bureau ilituma klore mupya. Chef akaifungia ndani ya depo. "Ile muzuri tunailinda, bageni beko banakuya kutembelea projet." Sisi akatupatia ndoo za zamani, zilifunguliwa kitambo, unga imeshika mvua, imekufa nguvu.

Ukipima maji yenye dawa, inageuka rose, rangi ya waridi. Ile haikugeuka. Ilibaki vile ilitoka ku source. Nikamupigia chef. Akanitumia sauti ku WhatsApp, ningali nayo: "Andika rose tu. Hapana kuniletea mashida mbele ya bageni."

Bageni balikuya, bakapiga picha. Siku ile ndoo mupya zilipangwa vizuri sana. Kesho yake zikarudi depo.

Chef, wewe ulikuwaka unakunywa maji ya chupa. Ulikuwa unaifungua pale pale ku source, bamama bakikuangalia.

Wenye mulibeba maji pale wiki hizi: chemsheni. Mwenye kuharisha apelekwe centre de santé, kituo cha afya, sasa hivi, hapana kungoja.

Mama yake alitoka Mulekera, kule Beni, juu ya pikipiki, akakuta udongo tu. Maiti ya kolera haikawishwi. Akakamata ile udongo na mikono mbili, akauliza mutoto wake alikunywa wapi maji mubaya, yeye mwenye kazi ya maji. Ulikuwa pale, chef, na lunettes zako nyeusi, miwani ya jua.

Bengine beko bananiandikia: samehe, maji yakimwagika hayazoleki, muachie Mungu. Eh Nyamuhanga, Mungu wetu! Muende mumwambie mama yake hiyo. Mimi sisamehe. Nataka chef aogope kila mara simu yake inalia. Nataka asikie kiu na aogope kikombe. Lundi, Jumatatu asubui, naenda ku parquet, kwa mushitaki wa serikali, na ile sauti, na ndoo moja ya zamani yenye aliandika jina ya source yetu na mukono yake.

Najua utasema nini mbele ya juge, chef. "Rose ni yeye aliandika." Ni kweli. Niliandika. Na kuna ingine haujui, hata mama yake hajui, ninaisema hapa mbele yenu bote.

Kila asubui, kabla ya kuinua kikombe, Kasoki alikuwa ananigeukia: "Dada, iko rose?"

Nilikuwa namujibu: "Iko rose." Niliogopa kupoteza kazi. Yeye akaniamini, akakunywa.

Basi lundi tunaingia wawili, chef. Mimi sitafuti avocat wa kunitetea. Wewe utafute wako.

Lala, Kasoki wangu. Usituombee kwanza. Acha tuhukumiwe.