Tuliazima Damu ya Kadzo, na Mamake Alikuja Kuidai

Admin, nifiche jina tafadhali. Mimi ni mama wa miaka sitini na mitatu, mjane, mkaazi wa Barani, Malindi. Najua wengi hapa huleta visa vya waume na mawifi. Changu ni cha damu, na nimekaa nacho kifuani tangu miaka ya themanini. Nisomeni mpaka mwisho ndipo mnitukane.

Wakati huo nilikuwa msichana, nimetoka kusomea kazi ya maabara, nikaandikwa na watu waliokuwa wakitafiti malaria vijijini huku nyuma ya Kilifi. Nilitoa watoto damu, nikaitia rangi maalumu, nikakifunga kichupa kwa foili kisipate mwanga, kisha kikapanda ndege Malindi kwenda Nairobi kwenye mashine. Siku moja nilipelekwa kuiona. Seli za damu hupanga foleni ndani ya uzi mwembamba wa maji, zikapita moja moja mbele ya mwanga mkali. Iliyoshika rangi hung'aa kijani, mashine ikaihesabu. Ndivyo tulivyojua ni askari gani wa mwili huamka mtoto akishikwa na malaria. Jamani, nilipenda ile kazi! Nikauliza, zikishapita zaenda wapi? Fundi akanionyesha dumu la taka chini ya meza, lina dawa ya kuulia vijidudu. Sikuuliza tena.

Vijijini wazazi walituogopa, wengine wakituita mumiani, wanyonya damu. Basi nikajitungia neno langu: "Twaazima tu, mama." Hakuna aliyenifundisha, na nilijiona mjanja kweli kweli, maana kila nikilisema, mtu hulegea.

Ndivyo nilivyomlegeza Mama Kadzo, Mgiriama mkulima, rika langu. Kadzo wake alikuwa na miaka minne. Sindano iliingia asilie, akaniuliza kama damu yake itapanda ndege. Nikamwambia ndiyo. Akawaringia wenziwe mpaka tukacheka. Mamake tukampa mche wa sabuni na sukari, kama tulivyowapa wote.

Mvua zilipoanza, Kadzo alishikwa na homa akafa kabla ya kufikishwa hospitali. Kutoa damu ile hakukumuua, hilo nawaapia, lakini ukweni walishapitisha hukumu: mama kauza damu ya mtoto kwa sabuni. Wakagoma kuzika mtoto pungufu. Asubuhi yake nikamkuta Mama Kadzo mlangoni pa ofisi yetu ya utafiti Kilifi, miguu imejaa tope mpaka magotini.

"Dada, ile damu nimeifuata."

"Damu gani, mama?"

"Ya Kadzo. Uliniambia mwaazima. Mwenyewe amekufa, na watu hawamziki mpaka irudi. Nipe niende zangu."

Nilikimbilia kwa daktari wetu. Akainamisha kichwa, akasema, "Mwambie ukweli, imeisha kazini." Nikatoka nikiwa nimeshalipanga neno. Nikamkuta amekaa chini, ametandika kanga mpya mapajani, ameikunja vizuri kabisa, anangoja kupakata. 

Nikarudi ndani, nikafunga mlango, nikajikazia mpira mkononi kwa meno, nikajitoa damu yangu mwenyewe. Nikakiziba kichupa, nikakifunga kwa foili kama kawaida, nikamletea. Alikipokea kwa mikono miwili, akakiviringa kwenye ile kanga. Hakulia. Alisema tu, "Asante, dada," akaondoka.

Kadzo alizikwa jioni ile, kichupa kikiwa ubavuni mwake. Mama Kadzo akabaki kwake, hakuna aliyemfukuza wala kumnyooshea kidole tena. Kila msimu wa korosho hunitumia mfuko, na mgeni akija humwambia, "Huyu ndiye aliyenirudishia mwanangu." Mimi zile korosho nazipokea, nazila. Hata marehemu mume wangu sikumwambia.

Sasa wiki mbili zilizopita bintiye mdogo, Dama, alinipigia simu. "Shikamoo, mama. Mama mgonjwa, akutaka." Ile ardhi yao ya zamani imeuzwa, wakahamisha makaburi. Kwenye kaburi la Kadzo walipata vijifupa vichache, na kichupa kizima, hata mfuniko haukutoka. Nilikwenda. Mama Kadzo amekonda, haamki kitandani, kichupa kiko chini ya mto wake. Ndani mna unga mweusi, kama kahawa iliyobaki kikombeni. Akaniwekea kichupa mkononi, kisha akakichukua tena haraka, kama anayeogopa nisije nikaondoka nacho.

"Nikifa nizikwe nacho," akasema. "Na uniwekee wewe, kwa mkono wako. Wengi wachukua vitu vya watu wasirudishe. Wewe wasema, ukatenda."

Nilimuaga, nikarudi Barani.

Mimi ni Mwislamu, najua uzito wa amana. Nikimwambia, nitakuwa nimemuulia Kadzo mara ya pili, na maneno ya ukweni yatamrudia akiwa hana hata nguvu ya kugeuka. Nikinyamaza, ataingia kaburini amenishika mimi akidhani ameshika mwanawe. Na Kadzo, aliyeringa kwamba damu yake itapanda ndege, ni mimi peke yangu ninayejua ilimwagwa kwenye dumu chini ya meza. Namuonea huruma mama, namuonea huruma mtoto, na mimi najichukia.

Leo asubuhi Dama amepiga tena. Mama haongei, ila akisikia jina langu hufungua macho. Wananingoja kesho. Nguo nimeshapiga pasi, na tangu adhuhuri nimekaa nazitazama.

Msiniambie niombe dua, nimeomba. Nishaurini, ndugu zangu, nifanye nini? Kesho nikikaa pale kitandani, nifungue mdomo wangu, au nifungue tu kiganja chake nimwekee kichupa?