Umebeba Nini, Umefika Wapi

Nakumbuka asubuhi moja pale Ipuli, mwanangu, nilivyokaa tangu alfajiri hadi jua la utosini nikiandika barua moja tu ya kuomba kazi. Stesheni ya Tabora walitaka mtu wa kupima mizigo. Nilikuwa na darasa la nne, mkono mzito na haya nyingi. Kazi ile ikinipita, ilibidi nirudi Puge nikalime karanga za baba mdogo.

Babu yangu Kasanda, mpagazi wa misafara ya pwani enzi za ujana wake, hakujua hata herufi moja. Akaniambia, "Nisomee."

Nikasoma: Bwana Mkubwa, mimi mnyonge wako, yatima, nakuangukia miguuni, nionee huruma.

"Mume mwenzangu," akasema, "unaomba kazi au unaposa binti yake?"

Bibi alicheka mpaka akaweka ungo chini.

Babu akashusha shuka, akanionyesha bega. Lilikuwa na sugu ngumu kama ukwato. "Kiongozi wa msafara hakutuuliza shida zetu. Aliuliza: umebeba nini, umefika wapi, nani alikuona? Kisha anagusa bega. Aliyejidai kafika Bagamoyo na bega lake laini, alirudishwa kwa mama yake. Haya, wewe umebeba nini?"

"Nimepima nta tu, babu. Kule misheni, misimu miwili."

"Kuna aliyelalamika?"

"Hakuna."

"Nani alikuona?"

"Padri. Na warina asali wenyewe."

"Mbona umeyaficha?"

"Nachelea kujisifu. Si wanasema chema chajiuza?"

"Chajiuza, ndiyo. Lakini si ndani ya kibuyu kilichozibwa."

Nikaandika upya, mistari sita, polepole. Bwana Stesheni aliisoma. Akanionyesha gunia na mizani. Nikapima, naye akarudia kupima mwenyewe. "Kesho uje mapema," akasema.

Mpaka leo namstaajabia mzee yule. Hakuwahi kushika kalamu, lakini alijua barua kuliko mimi niliyesoma.

Basi, mwanangu, unapoomba kazi usitangulize machozi. Taja ulichofanya, mahali na muda, na aliyekuona. Usiongeze hata kidogo, maana bega litaguswa. Wala usipunguze kwa haya. Kazi ya mikono yako si majivuno.

Mungu akupe mzigo wa halali, akupe na bega la kuubeba.