Kiranja Aliyesema Uji Unafaa

Mimi ni mpishi wa uji katika shule ya msingi huku upande wa Goba. Elimu yangu ni darasa la saba, na sikufaulu. Watoto wananiita Mama Uji, na hata wazazi wao tukikutana sokoni huniita hivyo hivyo. Sijawahi kulikataa jina hilo.

Kazi yenyewe inaelezeka upesi. Nafika alfajiri, nawasha kuni, nachemsha maji katika sufuria ambayo mtu mzima anaweza kukaa ndani yake, nakoroga unga, na saa nne asubuhi watoto wanapanga mistari na vikombe vyao. Kabla ya yeyote kunywa, kiranja wa chakula anaonja. Utaratibu huo aliuleta mwalimu wa malezi, mwanamke mwembamba mwenye sauti kubwa. Nilipokuwa nasoma mimi, kiranja alikuwa yule mwenye mwili mkubwa, anayezunguka na fimbo na karatasi ya majina ya wapiga kelele. Mwalimu huyu alisema watoto wachague viranja wao wenyewe, na kila kiranja awe na jambo la kuwaangalia wenzake: mmoja anaangalia nani amekaa peke yake wakati wa mapumziko, mwingine maji ya kunawa, mwingine chakula. Kiranja wa chakula akisema "Unafaa," mistari inasogea. Akisema "Bado," wote wanasubiri, mwalimu mkuu akiwemo.

Mwaka ninaousimulia, kiranja wa chakula alikuwa msichana wa darasa la sita, mfupi, mwenye mwanya. Darasa la kwanza walimpigia kura karibu wote kwa sababu alikuwa akiwafunga kamba za viatu. Beji yake ya kitambaa aliishona mwenyewe kwenye sweta, na sweta hilo alilivaa hata kwenye jua la kutoa jasho mpaka kisigino.

Mwaka huo huo mume wangu alifariki. Tulikwenda kumzika kwao Singida, na baada ya wiki tatu nikarudi kazini. Sikulia shuleni hata siku moja. Watu walidhani nimepoa. Sikuwa nimepoa, nilikuwa nakoroga tu.

Jumanne moja nilikaa kwenye kigoda mbele ya moto, nikakumbuka mume wangu alivyokuwa akipuliza chai yake kabla ya kunywa, hata ikiwa imeshapoa. Sijui nilikaa muda gani. Kilichonishtua ni harufu. Nilizamisha mwiko, nikaona uji umeshika chini. Mpishi yeyote anajua kwamba hapo hukwangui. Unauhamisha ule wa juu taratibu, wa chini unauacha. Mie nilikwangua, nikachanganya wote.

Kiranja akaja na kikombe chake.

"Shikamoo, Mama Uji."

"Marahaba, mwanangu."

Akaonja. Nilimwona alivyosita, uji ukiwa bado mdomoni. Akanitazama usoni, akatazama kanga nyeusi niliyojifunga, akameza. Kisha akageukia mistari.

"Unafaa!"

Nilijua haufai. Nikaanza kugawa.

"Jamani, leo uji wa kuchoma!" alipiga kelele mvulana mmoja wa darasa la saba. "Kachumbari iko wapi?"

"Mie wangu una mkaa kabisa," akajibu mwenzake. "Nampelekea mama apikie."

Wakubwa walicheka wee. Darasa la kwanza hawakucheka. Waliumwaga kimyakimya nyuma ya ukuta, na wengi wao walikuwa hawajala kitu tangu wametoka nyumbani. Kabla ya adhuhuri mmoja alikuwa amelala juu ya dawati, mwingine analia tumbo.

Mwalimu wa malezi akaja jikoni, akaonja, akatema pembeni.

"Nani kaonja?"

"Mie, madam," akasema kiranja.

"Na ukasema unafaa?"

"Ndiyo, madam."

"Kwa nini?"

Akatazama kikombe chake. Hakuniangalia.

"Basi Ijumaa kwenye baraza wenzako wataamua kama unabaki na hiyo beji. Kiranja anayewadanganya wadogo simhitaji."

Mtoto akaondoka bila kulia, mkono ameuweka juu ya beji. Mie nilikuwa nimesimama palepale na mwiko wangu. Naandika hivi kwa sababu ndivyo ilivyokuwa: mtoto wa miaka kumi na miwili alinificha, na mimi nikakubali kufichwa.

Mchana alirudi kuchukua kikombe chake. Nikamuuliza kwa nini hakusema uji umeungua.

"Ungeaibika mbele ya watu wote, mama. Na una msiba." Akafikiri kidogo. "Halafu nilidhani hawatajua."

"Na harufu yote ile?"

Akacheka, mwanya ukaonekana. Kisha akaikumbuka Ijumaa, akaacha.

Kesho yake nilimfuata mwalimu wa malezi ofisini, nikasimama mlangoni.

"Mwalimu, uji niliuunguza mie. Na nilijua wakati nagawa."

"Najua, mama. Uji haujiunguzi."

"Basi mwache mtoto."

"Siwezi. Wadogo wamekaa na njaa kwa neno lake. Lakini njoo barazani useme mwenyewe. Wao ndio wataamua."

Huku kwetu mtu mzima kuwaomba radhi watoto si jambo la kila siku. Kwa siku mbili nilitafuta sababu ya kutokwenda. Nilifikiria hata kusema naumwa mgongo.

Baraza letu hufanyika uwanjani. Wanafunzi wanakaa mbele, walimu nyuma, na yeyote anaruhusiwa kunyoosha mkono. Niliposimama, shule nzima ikaitikia kwa pamoja, "Shikamoo, Mama Ujiii!"

"Uji wa Jumanne niliuunguza mie," nikasema. "Nilijua umeungua, nikawapa hivyo hivyo. Kiranja wenu alinionea huruma. Naomba mnisamehe, na yeye mumwangalie vizuri."

Mtoto wa darasa la kwanza, asiye na meno ya mbele, akanyoosha mkono.

"Mama Uji, ulilala?"

"Sikulala. Nilikuwa namuwaza mume wangu."

"Yuko wapi?"

"Alifariki."

Akawaza kidogo. "Sasa ukitaka kumuwaza, si utoe kuni kwanza?"

Uwanja mzima ukaangua kicheko, walimu nao, na mie nikacheka mpaka nikashika mbavu. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kumtaja mume wangu mbele yangu bila kushusha sauti.

Yule mvulana wa kachumbari akasimama. "Madam, mie nilitania, lakini huyu tukimvua beji, atakayefuata ataogopa hata kuonja."

Dada mkuu wa shule hakuridhika. Akamgeukia kiranja. "Ukikuta umeungua tena, utasema?"

"Nitasema."

"Hata kama Mama Uji ana msiba?"

Akaniangalia. "Nitampa pole kwanza. Halafu nitasema."

Wakapiga kura kwa mikono. Beji ikabaki. Darasa la kwanza nao wakatoa sharti lao: wiki nzima akae kwenye mstari wao, anywe nao, asiondoke mpaka wa mwisho amalize. Hapo ndipo alipolia, na wale wadogo wakamzunguka wakimvuta sweta, kila mmoja akitaka akae karibu naye.

Jumatatu nilikoroga bila kukaa kitako. Niliona uji wangu umeiva vizuri, rangi nzuri, hauna hata doa. Kiranja akaja, akaamkia, akaonja. Shule nzima ilikuwa inamtazama.

"Pole, Mama Uji," akasema kwa sauti ya kusikika mpaka mstari wa nyuma. "Bado. Una unga mbichi."

Niliudhika, siwezi kuficha. Miaka tisa napika uji, halafu naambiwa hivyo na mtoto mbele ya watu. Nikachota kidogo, nikaonja mwenyewe.

Ulikuwa na unga mbichi.

Nikasukuma kuni ndani, nikashika mwiko. "Mmemsikia kiranja wenu," nikaiambia mistari. "Subirini."